Sura ya Sita: Pampu, Maji na Muda wa Mama wa Manga

Katika nyanda za juu za Manga, ambako ukingo wa milima hutazama mji wa Kisii upande mmoja na mashamba ya chai ya Kaunti ya Nyamira upande wa pili, mama anayenyonyesha hulazimika kumwacha mtoto wake kwa saa kadhaa kila siku, mapema kuliko ushauri wa kitabibu unavyotazamia. Yupo anayeamkia shambani kuchuma chai ili majani yafike kituo cha kununulia kabla lori la kiwanda halijaondoka. Yupo anayepeleka ndizi soko la Daraja Mbili mjini Kisii na kurudi jua likitua. Na yupo mwalimu, muuguzi au karani ambaye likizo yake ya uzazi imekwisha ilhali mtoto bado hajafikia umri wa kuonja uji. Shirika la Afya Duniani hushauri kwamba mtoto apewe maziwa ya mama peke yake, bila maji wala chakula kingine, hadi atimize miezi 6, kisha aendelee kunyonya huku akipewa vyakula vya nyongeza hadi afikishe miaka 2 au zaidi. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya nchini Kenya ulionyesha kwamba watoto wa chini ya miezi 6 waliopewa maziwa ya mama peke yake walikuwa asilimia 32 mwaka 2008–2009, wakafika asilimia 61 mwaka 2014, na mwaka 2022 wakawa asilimia 60. Kiwango kilichopanda kwa kasi namna hiyo kisha kikasimama kinaashiria kwamba mafunzo ya kliniki yamefanya sehemu kubwa ya kazi yake, na kwamba miongoni mwa vikwazo vilivyosalia vimo ambavyo mafunzo peke yake hayaviondoi, hasa zile saa ambazo mama na mtoto hawako pamoja.

Pampu ya maziwa ya mama, yaani kifaa kinachovuta maziwa kutoka kwenye titi kwa kupunguza msukumo wa hewa mbele ya chuchu, imeingia katika pengo hilo la saa. Matangazo ya wauzaji huipima kwa nguvu ya mota, wingi wa vitufe na wepesi wa kubebeka, na mama anayenunua kwa mara ya kwanza huelekea kuamini kwamba kifaa cha bei ya juu ndicho kitakachompa maziwa mengi. Sura hii inashikilia msimamo tofauti: kwa mama wa Manga, mambo yanayoamua kama pampu itamfaa mtoto kwa miezi au itaishia juu ya kabati ni maji ya kuioshea, nishati ya kuiendesha, vipuri vya kuitengenezea na muda ambao kazi inamruhusu mama kuketi nayo, na mota huja nyuma ya hayo yote.

Kabla ya pampu yoyote upo mkono, na ni kosa kuuchukulia mkono kama njia ya wasio na uwezo. Mama hunawa kwa sabuni, huweka kidole gumba juu ya titi na kidole cha shahada chini yake, sentimita 2 au 3 nyuma ya chuchu, husukuma vidole kuelekea kifuani, hubana, kisha huachilia, akirudia mwendo huo bila kutelezesha vidole juu ya ngozi na akivihamisha kulizunguka titi ili kila sehemu ipate kutoa. Matone ya mwanzo huchelewa, kwa kuwa maziwa hayatoki kwa kubanwa tu: msisimko wa chuchu hupeleka habari kwenye ubongo, ubongo ukamwaga katika damu homoni iitwayo oksitosini, nayo ikakaza misuli midogo inayozunguka vifuko vya maziwa ndani ya titi. Tukio hilo huitwa kushuka kwa maziwa, na maumivu, baridi au wasiwasi huweza kulizuia, iwe mama anatumia mkono au mashine ya gharama kubwa. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa na mtandao wa Cochrane mwaka 2016, yaliyolinganisha njia mbalimbali za kukamua, hayakupata njia moja inayowafaa mama wote. Yalionyesha kwamba hatua za gharama ndogo, kama kukanda matiti, kuyapasha joto, kusikiliza muziki wa kutuliza, kukamua kwa mkono na kutumia pampu za bei nafuu, huweza kulingana na pampu kubwa za umeme au hata kuzishinda katika baadhi ya vipimo. Kilichoamua zaidi ni muda uliopita tangu kujifungua, sababu ya kukamua, na hali ya mama na mtoto wenyewe.

Katika siku za kwanza baada ya kujifungua mkono una faida iliyo wazi zaidi. Maziwa ya kwanza, yaitwayo dang'a, ni mazito, ya rangi ya manjano na machache sana, na yakipitishwa kwenye pampu sehemu kubwa hubaki imenata kwenye plastiki, ilhali kwa mkono yanaweza kudondoshwa moja kwa moja kwenye kijiko au kikombe kidogo. Ni busara, basi, kwamba kila mama ajifunze kukamua kwa mkono kabla hajatoka wodini, awe atanunua pampu au hatanunua, kwa kuwa umeme hukatika, vali huchanika, na titi lililojaa halingojei fundi.

Kanuni inayoendesha pampu zote inaonekana vizuri katika njia ya zamani ya chupa ya joto, ambayo vitabu vya mafunzo vya Shirika la Afya Duniani bado vinaieleza kwa ajili ya titi lililojaa na kuwa gumu kiasi kwamba haliguswi. Chupa ya kioo yenye mdomo mpana hupashwa kwa maji ya moto, maji yakamwagwa, shingo ikapozwa ili isiunguze, kisha mdomo wake ukaegemezwa vizuri kuzunguka chuchu. Hewa iliyo ndani hunywea kadiri inavyopoa, chuchu ikavutwa taratibu, na maziwa yakaanza kutiririka. Pampu hufanya kazi hiyohiyo kwa kurudiarudia. Orwell Needham alipewa hataza ya pampu ya maziwa ya mama nchini Marekani mwaka 1854. Katika miaka ya 1920 mhandisi Edward Lasker, ambaye ulimwengu unamkumbuka zaidi kama bingwa wa mchezo wa sataranji, alibuni pampu ya umeme. Na mwaka 1956 mhandisi wa Uswidi, Einar Egnell, akatoa pampu ya hospitali iliyotokana na uchunguzi wake wa kiwango cha mvuto kinachotoa maziwa bila kujeruhi tishu. Somo la Egnell bado linasimama. Pampu nyingi za leo huwekewa kikomo kinachokaribia milimita 250 za zebaki, na kiwango kinachofaa ni kile cha juu kabisa ambacho mama anakistahimili bila maumivu, kwa sababu maumivu hufunga kile kile ambacho mvuto unajaribu kukifungua. Pampu nzuri, kwa hiyo, humwachia mama nafasi ya kubadili nguvu na mwendo, ili aanze kwa mivuto ya haraka na myepesi inayoiga mtoto anapoanza kunyonya, kisha maziwa yakishashuka aendelee kwa mivuto ya polepole na ya kina.

Pampu ya bei ya chini kabisa ni ile yenye tufe la mpira, ambalo mama hulibonyeza na kuliachia kama honi ya baiskeli za zamani. Pampu hiyo haifai, wala hakuna sababu ya kulisema jambo hili kwa kupindapinda: maziwa hurudi nyuma hadi ndani ya tufe, tufe haliwezi kufunguliwa na kusuguliwa, na mvuto wake haudhibitiki, hivyo chuchu huumia na maziwa huchafuka. Juu yake ipo pampu ya mkono yenye kishikio cha kubana, ambayo vipande vyake vyote hufunguka, haihitaji umeme, na mama huongoza mwendo wake kwa kiganja chake. Udhaifu wake ni uchovu wa mkono na kwamba hukamua titi moja kwa wakati. Pampu ya umeme hutofautiana kwa kuwa na mota, na huja ya titi moja au ya matiti mawili kwa pamoja, hii ya pili ikipunguza muda karibu kwa nusu. Zipo pia pampu za kuvaliwa ndani ya sidiria, zilizoenea sokoni tangu mwishoni mwa muongo wa 2010, ambazo huficha mota na chombo cha maziwa ndani ya kikombe kimoja; zinampa mama uhuru wa mikono, lakini vipande vyake vidogo ni vingi, vipuri vyake havipatikani kwa urahisi nje ya miji mikubwa, na kikombe kikikaa vibaya mama hatambui upesi kwa kuwa hakioni ndani. Mwisho zipo pampu za daraja la hospitali, zilizoundwa kutumiwa na mama wengi, kila mmoja akiwa na seti yake ya vipande vinavyogusana na maziwa.

Tofauti moja ya kiufundi ina uzito kuliko zote zinazoandikwa kwenye boksi, nayo ni kama mfumo wa pampu ya umeme umefungwa au uko wazi. Katika mfumo uliofungwa kuna kizuizi, kwa kawaida diaframu, yaani utando mwembamba wa silikoni unaopitisha mvuto bila kupitisha maziwa wala unyevu kwenda kwenye mrija na mota. Katika mfumo ulio wazi hakuna kizuizi hicho, na matone yakipita yanaweza kuingia mahali ambapo brashi haifiki, yakaota kuvu. Mama anayenunua dukani anaweza kuomba pampu ifunguliwe mbele yake aone utando huo ulipo, na muuzaji asiyeweza kuuonyesha hajaijua bidhaa yake.

Baada ya hayo huja hesabu ya muda, na hapa sheria ya Kenya ina msaada ambao wengi hawaujui. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mwajiriwa likizo ya uzazi ya miezi 3 yenye malipo kamili, na mkataba wa Tume ya Kuajiri Walimu na vyama vya walimu wa mwaka 2021 ukaongeza likizo ya mwalimu kutoka siku 90 hadi siku 120. Hata kwa mwalimu, basi, inabaki miezi 2 hivi kabla mtoto hajatimiza 6. Sheria ya Afya ya mwaka 2017, katika vifungu vyake vya 71 na 72, inamtaka kila mwajiri atenge mahali pa kunyonyeshea au kukamulia penye vifaa vya kunawia mikono, friji au njia nyingine ya kupoza, soketi za umeme kwa ajili ya pampu, meza ndogo na viti vya starehe, pasiwe chooni. Na inampa mama mapumziko ya kunyonyesha au kukamua yasiyozidi saa 1 kwa jumla katika kila saa 8 za kazi, mbali na mapumziko ya chakula.

Mtoto mwenye afya kati ya mwezi 1 na miezi 6 hunywa kwa wastani kiasi cha mililita 750 hadi 800 kwa siku, ingawa watoto hutofautiana sana. Mwalimu anayetoka nyumbani saa moja asubuhi na kurudi saa kumi na moja jioni hukosekana kwa saa 10, na kwa hiyo mtoto atahitaji takriban mililita 300 hadi 350 wakati huo. Ili titi liendelee kutengeneza kiasi hicho ni lazima litolewe maziwa kila baada ya saa 3 hivi, kwa maana titi linalobaki limejaa hupunguza utengenezaji lenyewe. Hiyo ni mara 3 katika siku ya kazi. Saa 1 ya kisheria ikigawanywa mara 3 hutoa dakika 20 kila mara, na dakika 20 zinatosha kwa pampu ya matiti mawili lakini zinabana sana kwa pampu ya mkono, ambayo huhitaji dakika 25 au 30 kumaliza matiti yote. Mwalimu wa namna hii ana sababu halali ya kugharamia pampu ya umeme ya matiti mawili, au vinginevyo atumie pampu ya mkono wakati wa mapumziko ya chai na ya chakula, na kumnyonyesha mtoto mara tu kabla ya kutoka na mara tu anaporudi. Mama anayekwenda sokoni siku chache kwa wiki hana sababu hiyo. Kwake pampu ya mkono, au mkono wenyewe, inatosha kabisa.

Mchumaji wa chai katika shamba la familia hana mwajiri wa kumtengea chumba, na sheria iliyotajwa haimfikii. Lakini ana kitu ambacho mwenye mshahara hana, yaani ukaribu wa shamba na nyumba, na mara nyingi jibu lake si kifaa bali ni mpango: mtoto aletwe shambani katikati ya asubuhi, au mama arudi nyumbani baada ya kupeleka majani kituoni. Pale mpango huo usipowezekana, kukamua kwa mkono alfajiri, wakati matiti ya mama wengi huwa yamejaa zaidi, humwachia mtoto mlo mmoja au miwili bila kununua chochote.

Suala la nishati linahitaji uangalifu zaidi kuliko wanunuzi wanavyolipa. Umeme wa gridi umefika sehemu nyingi za Kisii na Nyamira, ila hukatika, hasa wakati wa mvua kubwa, na pampu inayotegemea soketi peke yake humwacha mama na matiti yaliyojaa gizani. Pampu yenye betri inayochajiwa kwa waya wa kawaida wa simu, wenye volti 5, ina faida kubwa hapa, kwa sababu inaweza kuchajiwa kwa betri ya akiba ya simu au kwa mitambo midogo ya sola, kama ile inayouzwa kwa malipo ya kidogo kidogo na kampuni ya M-KOPA, yenye tundu la kuchajia simu. Lipo pia jambo linalozihusu familia nyingi za Gusii zenye jamaa Marekani, hasa jimbo la Minnesota, ambako jamii ya Wagusii ni kubwa. Sheria ya huduma za afya ya Marekani ya mwaka 2010 ilizifanya bima nyingi kugharamia pampu za mama wanaonyonyesha, na pampu hizo huja nyumbani katika mabegi ya wageni kama zawadi. Ni zawadi njema, lakini soketi za Marekani hutoa volti 120 ilhali za Kenya hutoa volti 240, na pampu au chaja iliyoandikwa volti 120 tu huungua siku ya kwanza ikichomekwa ukutani. Iliyoandikwa volti 100 hadi 240 ni salama na huhitaji tu kiunganishi cha plagi yenye meno matatu. Maandishi hayo huwa kwenye chaja yenyewe, kwa herufi ndogo, na yanapaswa kusomwa kabla ya furaha ya kuijaribu.

Sehemu ya pampu inayokaa juu ya titi huitwa faneli, na ukubwa wake hupimwa kwa kipenyo cha mrija ambamo chuchu huvutwa. Pampu nyingi huja na faneli ya milimita 24, kana kwamba mama wote wameumbwa sawa, na mama wengi hulaumu miili yao kwa kukosa maziwa wakati kosa ni la milimita chache za plastiki. Mama hupima upana wa chuchu yenyewe kwenye kitako chake, bila kuhesabu duara jeusi linaloizunguka, kisha huchagua faneli inayolingana nayo au kuizidi kidogo. Chuchu inapaswa kusogea mbele na nyuma bila kusuguana na kuta, wala duara jeusi lisivutwe kwa wingi ndani ya mrija. Chuchu inayotoka ikiwa nyeupe, imevimba au ina alama ya mduara inasema kwamba faneli hailingani au mvuto umezidi. Kwa hiyo kabla ya kulipa, mnunuzi aulize kama faneli za ukubwa mwingine zinauzwa na kama zinapatikana Kisii. Swali hilohilo aulize juu ya vali, kile kipande kidogo cha mpira laini kinachofunguka kupitisha maziwa na kufunga kushikilia mvuto, kwa kuwa ndicho huchakaa kwanza. Pampu inayopoteza nguvu baada ya miezi michache mara nyingi haijaharibika mota, imechakaa vali, na aina ya pampu ambayo vali yake haipatikani karibu hugeuka taka kwa kukosa kipande kinachotosha juu ya ukucha.

Usafi ndio mlango ambao madhara huingilia. Mwaka 2016, katika jimbo la Pennsylvania, mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati aliugua vikali kwa bakteria aina ya Cronobacter, na wachunguzi wa Marekani wakawakuta bakteria hao hao kwenye pampu ya mama, katika maziwa yaliyokamuliwa na kwenye bomba la kutolea maji la sinki la nyumbani. Vipande vya pampu vilikuwa vikilowekwa katika maji ya sabuni kwa saa kadhaa bila kusuguliwa, kisha vikasuuzwa, vikakaushwa na kufungwa katika mfuko wa plastiki. Mama huyo hakuwa mzembe. Alikuwa mama aliyechoka ambaye hakuna aliyemweleza kwamba kuloweka si kuosha. Tangu hapo mwongozo umekuwa wazi: vipande vyote vinavyogusana na maziwa vifunguliwe na kuoshwa kila baada ya matumizi, kwa maji ya moto na sabuni, katika beseni lisilotumika kwa kazi nyingine, kwa brashi yake, kisha viachwe vikauke kwa hewa juu ya kitambaa safi bila kufutwa kwa taulo la jikoni. Kwa mtoto wa chini ya miezi 2, aliyezaliwa kabla ya wakati au mwenye kinga dhaifu, vichemshwe walau mara 1 kwa siku kwa dakika 5.

Katika nyumba ya Manga, maji hayo huweza kuwa yametekwa kwenye chemchemi bondeni au kuvunwa kutoka paa la mabati, na moto huweza kuwa wa kuni. Katika miinuko hiyo maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100, kiasi cha nyuzi 94 hivi, na joto hilo linatosha kuua bakteria wanaohofiwa. La kuangalia ni sufuria, kwani plastiki ikigusa kitako chake juu ya moto mkali hupinda, na vali ya silikoni iliyochemshwa kupita kiasi hulegea. Hapa ndipo uchache wa vipande unapopata thamani yake halisi: pampu ya mkono yenye vipande 5 huoshwa ikaisha, ilhali pampu ya matiti mawili yenye vipande 14, ikitumiwa mara 3 kwa siku, hudai maji na dakika ambazo mama asiye na bomba ndani ya nyumba hana. Mwenye kuichagua afadhali anunue pamoja nayo seti ya pili ya vipande, ili kuosha kufanyike jioni kwa mkupuo mmoja, na vipande vilivyotumika kazini visirudiwe kabla ya kuoshwa.

Maziwa yakishakamuliwa huangukia mikononi mwa mtu mwingine, na mtu huyo naye ni sehemu ya uteuzi. Robert LeVine na Sarah LeVine, waliochunguza malezi ya Wagusii katika miaka ya 1970 na kuandika matokeo pamoja na wenzao katika kitabu kilichotoka mwaka 1994, walieleza nafasi ya omoreri, yaani mtoto mlezi, mara nyingi dada mkubwa, aliyebeba mtoto mchanga wakati mama yuko shambani. Shule ya msingi ya bure iliyoanza mwaka 2003 imewapeleka akina omoreri darasani, na leo anayebaki nyumbani ni nyanya, shangazi au msichana wa kazi. Nyanya aliyelea watoto wake kwa uji wa wimbi tangu wakiwa wachanga anaweza kuyatilia shaka maziwa yaliyokaa kwenye chombo, hasa akiona mafuta yamejitenga juu kama malai, ingawa kujitenga huko ni kwa kawaida ya maziwa na hurekebika kwa kutikisa taratibu. Heshima inataka aelezwe mapema na mama mwenyewe au mhudumu wa afya, aonyeshwe jinsi ya kunywesha kwa kikombe, na asiachiwe chupa mezani pamoja na amri.

Kikombe kidogo kilicho wazi ni bora kuliko chupa yenye chuchu ya mpira, kwa kuwa huoshwa kwa urahisi na hakimzoeshi mtoto namna tofauti ya kuvuta, na Sheria ya Kudhibiti Vibadala vya Maziwa ya Mama ya mwaka 2012 inazuia chupa na chuchu hizo kutangazwa kibiashara. Pampu nyingi huuzwa pamoja na chupa hata hivyo. Chupa hiyo itumike kuhifadhia. Maziwa mabichi hukaa saa 4 katika joto lisilozidi nyuzi 25, siku 4 ndani ya friji, na saa 24 katika kisanduku cha kupozea chenye vipande vya barafu. Hewa baridi ya Manga husaidia saa hizo 4 zitimie bila wasiwasi, na yakikamuliwa kwa usafi mkubwa wataalamu wengine huruhusu hadi saa 6 au 8. Themosi ya chai iliyopo karibu kila nyumba ni hatari ikiwekewa maziwa ya uvuguvugu, kwani huyaweka katika joto ambalo bakteria hulipenda, lakini ikioshwa vizuri na kujazwa barafu huwa kisanduku cha kupozea cha kuaminika. Maziwa hupashwa kwa kuweka chombo ndani ya maji ya moto, na yanayobaki baada ya mtoto kunywa humwagwa baada ya saa 2.

Mama ambaye mtoto wake amezaliwa kabla ya wakati na kulazwa katika kitengo cha watoto wachanga, kama kile cha Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii, yuko katika hali ya peke yake, kwa kuwa hana mtoto wa kumnyonya na titi lake hutegemea kukamuliwa tu. Anahitaji kuanza mapema iwezekanavyo baada ya kujifungua na kukamua mara 8 au zaidi katika saa 24, usiku ukiwamo, kwanza kwa mkono, kisha, maziwa yakiongezeka, kwa pampu ya matiti mawili huku akikanda titi kwa mkono. Yeye ndiye anayestahili pampu ya daraja la hospitali kuliko mwingine yeyote, naye mara nyingi ndiye asiyeweza kuinunua. Hospitali ya Uzazi ya Pumwani jijini Nairobi ilifungua mwaka 2019 benki ya kwanza ya maziwa ya mama nchini Kenya, ambapo maziwa ya wafadhili huchunguzwa na kutiwa joto la kuua vijidudu kabla ya kupewa watoto walio dhaifu. Hatua kama hiyo kwa kaunti za Gusii ingefaa ianze na jambo dogo zaidi, yaani pampu mbili au tatu za hospitali zenye mfumo uliofungwa, seti ya vipande kwa kila mama, na muuguzi mwenye muda wa kuketi kando yake.

Likibaki swali la pampu iliyokwisha kutumiwa, jibu linategemea ujenzi wake. Pampu ya umeme yenye mfumo ulio wazi isipokewe hata kutoka kwa dada wa tumbo moja, kwa kuwa kilichomo ndani ya mota yake hakionekani wala hakioshwi. Yenye mfumo uliofungwa, ikiwa mtengenezaji ameandika kwamba mama zaidi ya mmoja wanaweza kuitumia, hupokewa kwa sharti kwamba faneli, vali, diaframu, mirija na vyombo vyote vinunuliwe vipya. Na mama anayeiacha mtoto anapozidisha miezi 6 na kuanza uji apunguze mara za kukamua polepole, akiondoa moja kila baada ya siku chache, ili titi lisijae ghafla na kuvimba.